Pini Kwenye Unyayo wa Rael

Nyinyi vijana mna bahati sana. Siku hizi mtu akiwa na huzuni, simu yake inamwambia apumue. Vuta pumzi, shikilia, toa. Mjukuu wangu Nafula alinionyesha hayo maajabu juzi, huku mkono wa pili umezama ndani ya pakiti ya krispi hadi karibu na kiwiko. Nikamuuliza, "Na hiyo simu haijakwambia utoe mkono?"

"Kukhu, wacha tu. Niko na stresi." Kukhu ndiyo bibi kwetu.

Stresi! Mtoto anasoma chuoni Chepkoilel, analala hadi jua linamchoma miguu, chakula anapikiwa, na bado ana stresi. Lakini sikumcheka sana, maana niliijua ile namna yake ya kutafuna. Alikuwa anatafuna bila kuangalia, kama mtu anayejaza shimo. Nikamwambia akae chini nimweleze habari ya kazi yangu, na kwa kuwa nyinyi wenzake mna mdomo uleule, nawaeleza na nyinyi.

Mimi sikuwa daktari wala mshauri. Nilikuwa fundi wa nguo. Nilishona nguo za kina mama hapa Eldoret tangu nikiwa msichana mwembamba hadi magoti yakagoma. Duka letu lilikuwa mjini, karibu na soko. Mbele waliuza vitambaa, na nyuma tulipangwa sisi mafundi, kila mtu na cherehani yake ya kukanyaga kwa mguu. Wateja waliniita Mama Nekesa nikiwashonea vizuri, na nikichelewesha waliniita majina mengine ambayo siwezi kuyataja hapa.

Fundi wa nguo ni mtu hatari. Kasisi anaambiwa dhambi, daktari anaambiwa ugonjwa, lakini fundi haambiwi kitu, anashika futi anazungusha kiunoni, basi. Mama akigombana na mumewe Januari, mimi nilijua Machi, kwa kiuno chake. Na uongo niliosikia, jamani! Kuna mmoja alinijia akiwa na gauni limekataa kufunga zipu, amekasirika kabisa.

"Fundi, hiki kitambaa chako ni kibaya. Nimefua mara moja tu, kimejikunja."

"Kimejikunja wapi, mama?"

"Hapa kiunoni."

"Na mikono je? Na urefu?"

"Hiyo iko sawa. Ni kiunoni tu."

"Woi, pole sana. Hizi sabuni za siku hizi zinajua mahali pa kushika."

Akakubali! Akasema kweli, atabadilisha sabuni. Nikafumua pembeni, nikamwongezea nafasi, akaenda nyumbani akiwa na furaha na bila shaka sabuni mpya.

Kwa hiyo somo la kwanza kwa yeyote kati yenu anayetaka kushona ni hili: acha kitambaa cha akiba ndani ya mshono. Vidole viwili kila upande. Bibi harusi, mwachie vitatu, kwa sababu harusi ina mama mkwe. Mwalimu anayefungua muhula, vitatu. Mama ambaye mtoto wake anafanya mtihani wa kitaifa, huyo mkatie kitambaa chote umshonee hema. Fundi mwenye pupa hukata karibu na mshono ili vazi likae vizuri siku ya kwanza, halafu mteja akirudi hakuna pa kufumua, mnabaki mkitazamana.

Aliyenifundisha hayo alikuwa Mzee Makokha, fundi mkuu wetu, mtu mfupi wa maneno machache na miwani iliyofungwa kwa uzi. Mzee Makokha alikuwa na sheria moja ambayo haikuwa na msamaha: ukiwa umekasirika, au umelia, au roho imechafuka kwa sababu yoyote ile, usishike mkasi.

Mimi niliivunja mapema. Asubuhi moja mwenye nyumba kule Huruma nilikopanga alikuwa ameniamkia kwa maneno mbele ya majirani, kisa ni nani hajaosha choo. Nikafika kazini nimefura. Nikatandika kitambaa, nikakata suti ya mwalimu mkuu wa shule moja ya wasichana, kitambaa kizuri cha buluu, krr krr krr, mkasi unakimbia. Mzee Makokha akaja akainua vipande kimoja kimoja.

"Mama Nekesa, huyu mwalimu ana mikono miwili ya kushoto?"

"Hapana, Mzee."

"Basi hii umemkatia nani?"

Hakupiga kelele. Alienda kwenye rafu, akarudi na koti moja kuukuu la kijivu, zito, la mwanamume, akanirushia na wembe. "Fumua," akasema.

"Lote?"

"Lote. Ukimaliza njoo nikuangalie uso."

Kufumua si kazi ya haraka. Ukivuta kwa nguvu unararua kitambaa. Ukikimbiza wembe unajikata kidole. Lazima uinamishe kichwa, utafute uzi mmoja, uukate, uvute, utafute mwingine. Nilipofika kwenye kwapa la pili nilikuwa sikumbuki mwenye nyumba alivaa nini, na nilipotoa bitana nilikuwa nimeanza kumwonea huruma, maana mtu mzima anayegombania choo saa kumi na mbili asubuhi ana shida zake. Msidhani Mzee Makokha alikuwa anajali roho zetu. Alikuwa anajali kitambaa, na koti likiisha kufumuliwa alilishona upya limsubiri mwingine. Lakini dawa ikikuponya, utauliza ilipikwa kwa ajili ya nani?

Sasa Rael.

Rael alikuja dukani miaka kadhaa baada yangu, akapewa cherehani iliyo jirani na yangu. Alikuwa Mkalenjin wa hapa hapa, anakaa Yamumbi, ambako mumewe Kimaru alikuwa na kipande cha shamba, mahindi na ng'ombe wawili. Fundi mzuri ajabu. Kola yake ilikuwa inasimama yenyewe. Na hakuwahi hata siku moja kupewa lile koti la kijivu, kwa sababu Rael hakukasirika. Mteja angeweza kumtukana mpaka mate yamrukie, Rael anatabasamu, anasema "sawa mama," halafu anafungua droo ya cherehani yake.

Kwenye ile droo sisi wengine tulikuwa tunaweka nyuzi na vifungo. Rael aliweka mandazi. Nyuzi zake zote zilinukia iliki. Mteja mmoja mbaya, andazi moja. Bibi harusi, mandazi mawili na nusu chapati. Mzee Makokha alilalamika tu siku doa la mafuta lilipotua kwenye satini nyeupe, kwa sababu, kama nilivyosema, yeye alijali kitambaa.

Nikimtania Rael alikuwa anacheka. "Mama Nekesa, wewe unapiga kelele, mimi nakula. Kila mtu na njia yake." Na kwa kweli ilionekana njia yake ni nzuri kuliko yangu. Mimi nilikuwa na maadui sokoni kote, yeye alipendwa na kila mtu.

Halafu Kimaru akafa. Aliugua wiki moja, ya pili hakuimaliza.

Mnajua vile sisi hufanya. Hakuna mtu anaingia nyumba ya msiba mikono mitupu. Mikate, sukari, majani chai, mafuta ya kupikia, kreti za soda. Nyumba ya Rael ilijaa mikate mpaka ikapangwa juu ya kabati. Yeye alikalishwa kwenye kiti, sahani mapajani, na kila aliyeingia alisema neno lilelile: "Kula, mama, kula upate nguvu." Akianza kulia, mtu anamsogezea kikombe. Akisema jina la Kimaru, anapewa mkate wenye majarini. Niliona kwa macho yangu mkate ukifika mdomoni kabla chozi halijafika shavuni. Na mimi sikuwa nimekaa pembeni nikihubiri, nilikuwa kwenye foleni na mkate wangu kwapani.

Tukazika, tukaenda zetu. Sisi tuliondoka, mikate ikabaki, na Rael akaendelea kula msiba peke yake.

Alirudi kazini anatabasamu vilevile. Lakini mimi ndiye niliyekuwa namfumulia nguo zake. Mara ya kwanza nikatoa akiba ya kidole kimoja. Mara ya pili nikamaliza akiba yote. Mara ya tatu nikakata kipande cha kitambaa kingine nikakishona pembeni, tukajifanya ni mtindo mpya. Hospitalini wakampima wakasema ana sukari, wakampa tembe. Akaziweka kwenye droo. Chini ya mandazi.

Nikamwambia, "Rael, wewe unakula au unazika?" Akacheka, akanigawia andazi. Mimi nikala. Sikukataa kitu kizuri namna hiyo kwa sababu ya maswali yangu mwenyewe.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika. Kwenye duka la mafundi pini huanguka sakafuni siku nzima. Kukanyaga pini ni sehemu ya kazi. Na kila fundi akikanyaga pini anaruka, anapiga nduru, anamtukana mtu wa karibu, tunacheka, tunaendelea. Siku hiyo, baada ya chai, niliinama kuokota kifungo chini ya meza, nikaona pedeli ya cherehani ya Rael ina damu. Nikainua macho kidogo. Rael alikuwa amevua ndara, anakanyaga pedeli peku, mguu unapanda na kushuka, na kwenye unyayo, karibu na kidole kidogo, kichwa cha pini kinang'aa. Pini imeingia yote.

Na yeye anashona. Anaimba kwa sauti ndogo wimbo wa kanisani.

"Rael."

"Eee?"

"Acha kukanyaga."

"Nimalizie hili pindo."

"Rael! Una pini mguuni!"

Akaangalia chini. Akatazama damu kama ya mtu mwingine. "Haiya," akasema, "na sijasikia kitu." Na alipolisema hilo, tabasamu likamtoka usoni, mara ya kwanza tangu nimjue.

Hospitalini muuguzi alisafisha kidonda akaona hiyo pini haikuwa ya kwanza. Kulikuwa na kidonda kingine cha zamani kimeoza kimyakimya. Akamwambia bila kuzungusha: "Mama, sukari imeua hisia kwenye miguu yako. Tukicheza, huu tutaukata."

Hebu fikirieni. Cherehani za duka letu zilikuwa za kukanyaga zote. Ng'ombe wanakamuliwa na mtu anayeweza kuchuchumaa. Mtoto wake wa mwisho alikuwa bado yuko sekondari, na baba yake yuko chini ya udongo. Mguu wa Rael ndio ulikuwa umebeba nyumba nzima.

Halafu yule muuguzi akampa ushauri: meza dawa, osha kidonda, punguza ngano na sukari, tembea kikipona, na epuka mawazo. Epuka mawazo! Mjane anaambiwa mguu unakatwa, na hapohapo anaambiwa asiwaze. Ni kama kumwambia mtu wa Eldoret aepuke mvua ya Aprili. Tulitoka pale, na kabla hatujafika kona alikuwa ameshika chapati mbili zimefungwa kwenye gazeti. Hofu iliyoletwa na chakula ilimfanya ale. Nilitaka kumnyang'anya. Nikaona vile anakula amefumba macho, nikaacha.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho sabuni ya yule mteja haikunifundisha. Rael alijua kila kitu. Alijua ngano ni mbaya, alijua soda ni mbaya, angeweza kumfundisha muuguzi. Kujua hakukuwa shida. Shida ilikuja saa kumi jioni.

Nilimkuta siku chache baadaye saa kumi, nyuma ya marobota ya vitambaa, donati mdomoni na nyingine mkononi. Nilikuwa na maneno makali tayari, nimeyapanga vizuri. Akanitangulia.

"Si njaa, Mama Nekesa. Najua si njaa. Saa kumi ndiyo saa Kimaru alikuwa ananipigia simu. Kila siku. Ananiuliza, 'Leo utatoka na nini sokoni?' Namwambia nyanya, ananiambia usisahau chumvi. Ujinga tu. Sasa saa kumi ikifika, simu imenyamaza. Nifanye nini na huu mdomo?"

Jamani. Nilikaa chini pale kwenye marobota. Halafu nikafanya kitu pekee nilichofundishwa na mtu mzima kuhusu roho iliyochafuka: nikaenda kwenye rafu ya Mzee Makokha, nikatoa lile koti la kijivu na wembe.

"Fumua," nikamwambia.

"Mimi sijakasirika."

"Najua. Fumua, na unapofumua niambie Kimaru alikuwa anauliza nini kingine."

Akafumua. Ya kwanza ilikuwa kola. Mikono yake ilikuwa na mafuta ya donati, uzi ukawa unateleza, akatukana kidogo, kwa Kikalenjin, nikafurahi sana kusikia. Akaniambia Kimaru alikuwa anamwogopa jogoo wao. Mwanamume mzima, mrefu hivyo! Tulicheka hadi Mzee Makokha akachungulia. Alitutazama, akatazama koti, akarudi kwenye kazi yake.

Msidhani basi mambo yakaisha vizuri kama kwenye mahubiri. Wiki hiyohiyo, Jumamosi, nilikuwa kwa Rael Yamumbi, nimembebea sare za kwaya ya kanisa lao tuzimalizie pamoja kwa vile mguu ulikuwa umefungwa bandeji. Mara hodi. Kina mama wa chama cha kanisa, wote, wakiongozwa na mwenyekiti wao Mama Rispa, mwanamke mkubwa wa sauti na wa moyo. Walikuwa wamesikia Rael anaumwa. Walikuwa na mikate sita, kreti ya soda, na keki. Keki ilikuwa imeandikwa juu kwa krimu ya waridi: Pole Mama.

Nilisimama mlangoni. "Mama Rispa, mmesikia ana ugonjwa gani?"

"Sukari."

"Mkaona iliyo mwilini haimtoshi, mkamwongezea?"

"Wee Mama Nekesa! Kwani tuingie kwa mgonjwa mikono mitupu? Tutaambia watu nini?"

"Mtawaambia mguu umepona. Ama mnataka kuja tena na mikate mingine, ya kuzika mguu?"

Mama mmoja akaanza kugeuka arudi kwao. Mama Rispa macho yalimjaa machozi, na hapo nikaona nimepiga mahali pabaya, kwa sababu huyu mama alikuwa amepika ile keki mwenyewe kwa jiko la makaa, na hiyo si kazi ndogo. Walimpenda Rael kweli. Hawakujua njia nyingine ya kumwambia.

Rael akaita kutoka ndani, "Waingie."

"Na hiyo keki?"

"Keki ikae nje na viatu."

Nikawapa kila mmoja sindano na sketi moja ya kwaya, wapige pindo kwa mkono. Nikawaambia hiyo ndiyo mikono yao isiyo mitupu. Wengine walikuwa hawajashika sindano tangu shule ya msingi. Mama Rispa alishona pindo lake likashikana na leso yake mwenyewe, akasimama na sketi imening'inia mapajani. Chai ilipikwa ya maziwa bila sukari. Walikunywa wakikunja nyuso kama wamepewa dawa ya minyoo, lakini walikunywa.

Na katikati ya yale mapindo ya kupinda, Rael akaanza kuzungumza habari ya wiki ile Kimaru alipougua. Hakuwa amewahi kuisema. Akafika mahali pa kulia, akalia. Nikaona Mama Rispa ananyoosha mkono, mazoea tu, anatafuta mkate, anatafuta kikombe, chochote. Hakukuwa na kitu karibu ila sketi. Basi akamshika Rael bega, akakaa hivyo. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, Rael alilia mpaka mwisho.

Yale mapindo niliyafumua yote Jumatatu. Yalikuwa mabaya kupindukia. Hiyo keki ilikwenda wapi sijui na sikuuliza, ila Mama Rispa aliniletea rinda nimwongezee nafasi kabla mwezi haujaisha. Alisema ni sabuni.

Baada ya hapo tulijitengenezea kanuni zetu za dukani, na hizi Nafula nimemwandikisha kwa hiyo simu yake ya kupumua. Ukitaka kula, jiulize kama ungekula ugali wa jana, baridi, na mboga ya managu isiyo na nyanya. Ukiona ungekula, una njaa, kula, Mungu akubariki. Ukiona unataka andazi tu, na liwe la moto, na liwe sasa hivi, basi hiyo si njaa. Hapo itaje kwa jina lake. Rael alikuwa anasema wazi, mbele ya wateja, "Leo ni Kimaru." Siku nyingine, "Leo ni yule mama wa kola." Halafu anashika wembe. Droo ya mandazi tuliisafisha kwa maji moto na sabuni, tukatia tembe zake juu ambako anaziona. Hatukumkataza chapati milele, hapana, alikula yake siku ya Krismasi, mezani, ameketi, anaiangalia, na akasema ilikuwa tamu kuliko zote alizokula amejificha. Kuna siku alishindwa. Nilimkuta tena kwenye marobota, zaidi ya mara moja. Nilikuwa nakaa chini naye, ananyoosha mkono anasema, "Leta hilo koti."

Koti lilipokwisha kufumuliwa lote, Rael alilishona tena, vizuri kabisa, ili tuwe na kitu cha kufumua. Lilifumuliwa na kushonwa sijui mara ngapi. Hakuna mtu aliyewahi kulivaa.

Na mguu? Kwa kuwa haukuweza kusikia, ilibidi macho yasikie kwa niaba yake. Kila asubuhi kabla hajagusa pedeli alikuwa anavua kiatu, kiatu cha kufunika siku hizo, si ndara, anakikung'uta, halafu ananiwekea unyayo wake mapajani. Mimi naukagua kuanzia kisigino hadi katikati ya vidole. Ndiyo, ilikuwa inanuka siku nyingine. Mapenzi ya kazini hayana manukato. Nikiona safi nasema "safi," anaanza kazi. Nikiona wekundu, anaenda kwa muuguzi siku hiyohiyo.

Kidole kidogo hakikuokoka. Kilikuwa kimeharibika tangu zamani, wakakikata. Siku alipotoka hospitalini niliogopa kumwangalia, maana nilijua njia ya kutoka pale hadi kwenye chapati ni fupi. Akaja dukani siku aliyoruhusiwa, akakaa kwenye cherehani, akaweka mguu kwenye pedeli.

"Pedeli haihitaji kidole kidogo," akasema. Akakanyaga. Sukari ikashuka polepole, kidonda kikafunga, na mguu ukabaki kwake.

Sasa nilikuwa nimepanga kuwaachia hapo, niondoke na sifa zangu. Lakini Nafula alisema hadithi yangu ina harufu ya mtu anayejisifu, na mtoto huyo ana mdomo kama wangu, kwa hiyo namalizia.

Nilipostaafu hakukuwa na sherehe. Mzee Makokha alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, watu wananunua nguo zilizoshonwa tayari, na magoti yangu hayakutaka pedeli tena. Tajiri wa duka alifunga kule nyuma, akaweka masufuria ya kuuza. Nikarudi Huruma kukaa. Wiki ya kwanza ilikuwa tamu. Wiki ya pili, mikono yangu haikujua pa kukaa. Yule mama anayekaanga mandazi kwenye kona yetu akaanza kuniona kila siku saa kumi, halafu akaanza kunifungia kabla sijaitisha. Nilijiambia ni vile mandazi yake ni mazuri. Mnaijua sabuni ile? Ni sabuni ile.

Siku moja niko mezani, karatasi imefunguka mbele yangu, mandazi matano, nimeshika la kwanza. Hodi. Nikafungua mlango. Rael, kwa miguu yake miwili, ametoka Yamumbi, ana mfuko wa nguo.

"Karibu. Umeniletea nini?" nikasema, maana sisi hatuingii kwa mtu mikono mitupu.

Akaangalia meza. Akatoa lile koti la kijivu akaliweka juu ya karatasi, mandazi na yote, na wembe juu yake.

Mimi nikajifanya fundi mkuu. "Kwanza leta mguu."

Akaketi, akavua kiatu, akavua soksi, akaniwekea unyayo mapajani kama zamani. Nikauangalia taratibu, kisigino, katikati, vidole vinne.

"Safi," nikasema.

"Najua ni safi. Niliukagua asubuhi kwa kioo." Hakuuondoa mguu. Alinitazama tu, huyu mwanamke wa kunyamaza. "Na wewe, Mama Nekesa? Leo ni nini?"

Nikashika mshono wa kwapa, nikatafuta uzi wa kwanza. Mdomo wangu ulikuwa mtupu. Nikamwambia, "Leo ni duka."